Kompyuta Isiyotakiwa Kupata Joto

Nchi hii haina jina humu. Lilikuwepo, lakini lilipelekwa wizarani kuidhinishwa na mpaka leo halijarudi. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani, wala asiseme, "Mbona kama naijua?" Haijui. Kila kitakachofanana na cha kwao kimefanana kwa bahati mbaya, na bahati mbaya katika nchi hiyo ilikuwa na idara yake, mkurugenzi wake na gari lake.

Basi palikuwa na shule ya msingi iitwayo Mwangaza, na katika shule hiyo palikuwa na mfagiaji, binti wa miaka ishirini na miwili, jina lake Kidawa. Kidawa alisoma hapo hapo Mwangaza mpaka darasa la tano. Mama yao alipougua, akatoka shule kumuuguza. Mama alipofariki, akabaki nyumbani kumlea mdogo wake, Mwamvita. Mwamvita alipofikia umri wa kuanza la kwanza, Kidawa naye akarudi Mwangaza, ila safari hii alirudi na fagio. Kila asubuhi alifagia chini ya dawati alilokuwa akikalia zamani. Hakulalamika. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema akitazama chini. Alikuwa na jambo moja tu kichwani: Mwamvita amalize la saba, afanye mtihani, aende mbele. Wakati huo Mwamvita alikuwa la saba, na mtihani ulikuwa umebakiza miezi mitatu.

Sasa tuje kwenye Kanuni.

Wizara ya Elimu na Tahadhari ilikuwa na haraka ya kuiingiza nchi katika zama za teknolojia. Kwa kuwa kompyuta ni ghali na kanuni ni rahisi, wakaanza na kanuni. Kitabu cha Kanuni za Matumizi Mema ya Kompyuta na Mtandao Shuleni kilifika Mwangaza miaka mitatu kabla ya kompyuta. Kilikuwa na kanuni mia moja na kumi na mbili. Waliokiandika walikuwa watu makini. Hawakuridhika kusema "usitumie vibaya", maana mwanafunzi angeuliza vibaya ndiyo vipi. Walieleza kila kosa hatua kwa hatua, kitufe kwa kitufe, ili mtoto wa nchi asije akalitenda kwa kutojua.

Kila asubuhi, kabla ya hesabu na mara nyingi badala ya hesabu, madarasa yote yalikariri.

"Kanuni ya arobaini na moja!" mwalimu aliita.

"Ni marufuku kubonyeza kitufe chenye alama ya duara kilichopo pembeni kulia," watoto waliitikia, "na kukishikilia mpaka taa ya kijani iwake!"

"Arobaini na mbili!"

"Ni marufuku kusubiri dakika moja bila kugusa kitu, mpaka kioo kionyeshe picha ya mlima!"

Kidawa alikuwa akifagia barazani. Mwaka wa kwanza kelele hizo zilimchosha. Mwaka wa pili zilimwingia bila yeye kutaka, kama harufu ya moshi inavyoingia nguo. Mwaka wa tatu akajikuta nyumbani anasugua sufuria huku midomo inamchezacheza: ni marufuku, ni marufuku, ni marufuku.

Mwisho wa mwaka huo Wizara ilihesabu makosa nchi nzima. Shule za mjini zenye kompyuta zilionekana kuwa na hali mbaya, nyingine ikapatikana na makosa mia nne. Mwangaza ilikuwa na sufuri. Haikuwa na kompyuta, ni kweli, lakini fomu haikuuliza hilo. Ikapewa Kombe la Taifa la Matumizi Mema. Waziri mwenyewe alihutubia, akasema watoto wa Mwangaza wameionyesha dunia kwamba teknolojia inawezekana. Kisha akatoa zawadi ya ushindi, na zawadi yenyewe ilikuwa kompyuta.

Mwalimu Mkuu, Bwana Mfaume, aliipokea kama mtu anavyompokea mgeni aliyekuja na magodoro. Alitabasamu mbele ya kamera, lakini aliliona tatizo pale pale. Tangu siku hiyo sufuri yake ilikuwa hatarini.

*

Kompyuta ilikuwa ndogo, ile ya kukunja kama kitabu. Iliwekwa katika ofisi ya Mwalimu Mkuu, ndani ya kabati la wavu wa chuma, ikafunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua mekundu pembeni, kazi ya mikono ya mke wa Mwalimu Mkuu. Kando yake lilikaa kombe. Mtu akiingia ofisini alijikuta ameshusha sauti, kama aliyeingia kwenye chumba cha mgonjwa.

Ikabaki kupata wa kuitunza. Kanuni ya saba ilisema wazi: mtunza ufunguo na neno la siri awe mtu asiye na uwezo wowote wa kuitumia kompyuta, ili asishawishike. Kikao cha walimu kikaitishwa. Mwalimu wa sayansi akaondolewa kwa sababu aliwahi kuona kompyuta kwa kaka yake. Mlinzi akaondolewa kwa sababu ya simu yake yenye tochi na redio. Zamu ikafika kwa Kidawa, aliyekuwa ameleta chai.

"Hebu simama hapo, binti," alisema Bwana Mfaume. "Umesoma mpaka la ngapi?"

"La tano, Mwalimu."

"Hukumaliza?"

"Sikumaliza."

Bwana Mfaume akawageukia walimu, uso umekunjuka. "Mnamwona? Hajamaliza hata la saba. Huyu ni salama kabisa."

Walimu wakapiga makofi. Kidawa alitazama vidole vya miguu yake mpaka makofi yakaisha. Akakabidhiwa ufunguo, pamoja na bahasha iliyofungwa kwa lakiri ya Wizara, ndani yake neno la siri ambalo hakuruhusiwa kulijua. Mshahara haukuongezeka, ila jina lake liliandikwa mlangoni: KIDAWA, MTUNZA NENO LA SIRI.

Ukaguzi ulifanywa kila muhula na Afisa Joto wa Wilaya. Wizara haikuwa na vipimo vya kujua kama kompyuta imetumika, lakini mtaalamu mmoja aligundua kwamba kompyuta iliyotumika hupata joto. Basi wakaajiriwa watu wenye viganja vyepesi vya kuhisi joto. Wa wilaya hiyo aliitwa Bwana Kisimbo. Mkono wake wa kulia ulikuwa mali ya serikali. Aliuvisha soksi ya sufu asiuchoshe, na watu alisalimiana nao kwa mkono wa kushoto. Wazee walichukia mwanzoni, wakaonyeshwa barua. Alikuwa akifika, anavua soksi, anaweka kiganja juu ya kompyuta kama mama anayepima homa ya mtoto, anafumba macho, kisha anatamka: "Baridi." Watu wakishangilia, anavaa soksi yake, anakula kuku wake, anaondoka.

*

Siku ya Jumanne tangazo lilifika kutoka Wizarani. Mwalimu Nyamizi, mwalimu wa la saba, alilisoma barazani kwa sauti, akafika mwisho, akarudi mwanzo, akalisoma tena polepole kana kwamba huenda lingebadilika.

Kuanzia mwaka huo, watahiniwa wote wa la saba wangesajiliwa kwa mtandao tu. Karatasi zisingepokelewa. Mwisho Ijumaa, saa kumi kamili jioni. Ambaye hakusajiliwa asingefanya mtihani, na ambaye hakufanya mtihani angehesabiwa kuwa hakuwahi kusoma.

"Hakuwahi kusoma," alirudia Mwalimu Nyamizi. "Miaka saba tumewafundisha watoto ambao hawakuwahi kusoma."

Akaenda ofisini. Kidawa alikuwa anapangusa kombe, akasikia yote.

"Mwalimu Mkuu, kompyuta tunayo hapa. Watoto arobaini na watatu. Tufungue tu, tuandike majina, tufunge."

"Kibali cha Kugusa kiko wapi?"

"Nimeomba tangu Machi."

"Wamejibu?"

"Wamejibu kwamba wamepokea. Nilipouliza tena wakajibu kwamba wamepokea swali."

"Basi bado kidogo," alisema Bwana Mfaume. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tisa, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. "Nyamizi, mdogo wangu, nimebakiza miezi minane nistaafu. Miaka thelathini na nne nimefundisha, hakuna aliyejua jina langu. Sasa nina sufuri. Na Ijumaa hiyo hiyo Afisa Joto anakuja kukagua kwa ajili ya kombe la mwaka huu. Wanataka nikiondoka waipe shule jina langu. Unataka nifungue kompyuta siku ya kiganja?"

"Na watoto?"

"Watoto watakuwa na shule yenye kombe."

Mwalimu Nyamizi alitoka bila kufunga mlango. Kidawa akaendelea kulipangusa kombe, ingawa lilikuwa limeshang'aa zamani.

Jioni ile nyumbani walikula ugali na mlenda. Mwamvita hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa na ulimi, na akiumia aliutumia.

"Dada, ukifagia, unaanzia nje ndiyo uje ndani, au ndani ndiyo utoke nje?"

"Kwa nini?"

"Nijue mapema. Mwakani si tutakuwa wawili? Wewe ushike barazani, mie nishike vyoo."

"Nyamaza ule."

"Au watanipa cheo kama wewe. Mtunza Ndoo. Jina langu nalo waliandike mlangoni, na mimi ni salama kabisa."

Kidawa aliuacha mkono wake ndani ya bakuli. Hakujua kama maneno yale yalikuwa yamefika mpaka kwa watoto. Lakini katika shule isiyo na vioo madirishani kila neno hufika.

"Wewe jihesabu umesajiliwa," alisema hatimaye.

"Nimesajiliwa na nani?"

"Kula, Mwamvita."

*

Alhamisi Kidawa alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alibisha hodi ofisini akiwa hana chai wala fagio.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Naomba... mdogo wangu yumo kwenye wale arobaini na watatu."

"Najua."

"Ufunguo ninao mimi."

Bwana Mfaume akaweka kalamu chini, akamtazama, si kwa ukali. Alikuwa amechoka hata kukasirika. "Ufunguo unao, binti, ndiyo. Na bahasha unayo. Lakini ukishaufungua huo mlango utafanya nini? Utaisemesha? Ndiyo maana tulikuchagua wewe. Nenda kafagie, kesho kuna mgeni."

Kidawa akatoka, akaenda kufagia. Maneno yale yakabaki naye siku nzima: utafanya nini, utafanya nini. Darasa la tatu lilikuwa linakariri. Fagio likasimama.

"Ni marufuku kubonyeza kitufe chenye alama ya duara kilichopo pembeni kulia..."

Aliwasikiliza mpaka mwisho, kanuni zote mia moja na kumi na mbili, ameegemea nguzo, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu hakuzisikia kama makatazo. Alisikia mtu anaelekezwa njia.

*

Ijumaa shule nzima ilipelekwa barabarani kumpokea Afisa Joto. Aliahidi saa nne asubuhi. Saa tano watoto walikuwa bado wanapunga matawi. Saa sita matawi yalinyauka, yakakatwa mapya. Mwalimu Mkuu hakuruhusu mtu kuondoka, maana afisa asipokuta mapokezi alikuwa na desturi ya kurudi alikotoka na kuja tena ili apokewe.

Ofisini alibaki Kidawa peke yake, kulinda baridi.

Saa nane kasorobo Mwalimu Nyamizi aliingia, anahema, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaliweka daftari la mahudhurio ya la saba juu ya meza, lenye majina yote na tarehe za kuzaliwa.

"Kidawa, nalisahau daftari hapa," alisema.

"Lakini umeliweka sasa hivi, Mwalimu."

"Ndivyo ninavyosahau mimi. Nikisahau kitu sikikumbuki mpaka saa kumi." Akasita mlangoni. "Na barabarani nitakaa upande wa huku. Gari likionekana nitawaimbisha wimbo wa taifa, beti zote."

Akaenda. Kidawa aliutazama ufunguo. Akafungua wavu, akakunja kile kitambaa cha maua pande nne kama alivyozoea kukunja, akafungua mashine.

Akafumba macho. Akajiita mwenyewe kwa sauti ndogo: "Kanuni ya thelathini na nane." Na akajiitikia: "Ni marufuku kuchomeka waya mweusi kwenye tundu la umeme wa jua lililopo nyuma ya kabati."

Akachomeka waya mweusi kwenye tundu la umeme wa jua lililopo nyuma ya kabati.

Arobaini na moja. Taa ya kijani ikawaka. Arobaini na mbili. Akasubiri dakika moja bila kugusa kitu, na mlima ukatokea, mlima mzuri wenye theluji, ambao haukuwepo popote katika nchi hiyo. Kioo kikadai neno la siri. Kidawa akaishika bahasha, akaiona lakiri, akairudisha chini. Alikuwa ameapa kutoifungua. Lakini kanuni ya kumi na tisa ilisema ni marufuku kabisa neno la siri kuwa jina la Waziri likifuatiwa na mwaka wa uhuru, kwa kuwa kila mtu angeliotea. Kidawa akaandika jina la Waziri, herufi moja moja kwa kidole kimoja, akaweka na mwaka wa uhuru. Mashine ikafunguka.

Mtandao haukushika mpaka alipoikumbuka ya hamsini na nane, inayokataza kukining'iniza kijiti cha mtandao kilichokuja na mashine, pamoja na waya wake, kwa uzi kwenye dirisha la mashariki, mahali ambapo mawimbi ni mazuri. Hakuwa na uzi, akachomoa mmoja kwenye kitambaa cha mke wa Mwalimu Mkuu. Kanuni ya tisini na tatu ikamfikisha kwenye usajili: jina kisanduku cha kwanza, tarehe ya kuzaliwa cha pili, shule cha tatu, kisha mshale upande wa kulia, bonyeza, ngoja. Makosa yalipangwa vizuri, moja baada ya lingine, hata mjinga asingepotea.

Mwamvita alikuwa wa thelathini na moja kwenye daftari. Kidawa angeweza kuanza naye. Hakuanza naye, kwa sababu alijijua: akimaliza wa kwao angetetemeka, angefunga, angekimbia. Akaanza na wa kwanza. Wa kwanza alichukua dakika sita. Wa pili nne. Wa kumi hakuchukua hata tatu. Jasho lilimtiririka mgongoni. Alipofika wa thelathini na moja aliandika jina la mdogo wake, na kile kiduara cha kungoja kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Kikazunguka. Kidawa akakisogeza kijiti dirishani, akakishika kwa mkono nje ya dirisha, ameunyoosha mkono kama mtu anayemwomba dereva asimame.

UMESAJILIWA, kioo kikasema. TUMIA MTANDAO KWA UANGALIFU.

Hakuwa na nafasi ya kulia, walibaki kumi na wawili.

Yule wa arobaini na tatu alipoingia, saa ya ukutani ilikuwa kumi kasoro dakika nne, na kutoka barabarani ulisikika wimbo wa taifa, ubeti wa pili. Nchi hiyo watu wengi hawakujua kama wimbo wao una ubeti wa pili. Kidawa akazima, akachomoa, akafunga, akafunika. Akaweka kiganja juu ya kitambaa. Ilikuwa ya moto kama mtoto mwenye malaria. Akaivua kanga begani, akaanza kuipepea mashine.

*

"Ndugu zangu," alisema Bwana Kisimbo, amesimama mbele ya kabati huku ofisi imejaa walimu na madirisha yamejaa watoto, "taifa linalojua kutotumia, ndilo taifa litakalojua kutumia, siku likiamua kutumia. Simu, kwa mfano. Simu ni adui wa..."

Simu yake ikalia. Akaipokea kwa mkono wa kushoto. "Haloo! Niko kwenye shughuli ya kupinga simu. Nitumie hiyo video baadaye. Ehe, nimeiona, na ile nyingine ya mbuzi pia. Haya." Akairudisha mfukoni. "Ni adui wa umakini. Sasa, tupime."

Akavua soksi. Mwalimu Mkuu akachukua ufunguo kwa Kidawa, akafungua wavu kwa heshima. Kiganja kikashuka, macho yakafumba. Wote wakangoja lile neno.

Bwana Kisimbo akafumbua jicho moja. Akanyanyua kiganja, akakipuliza, akakishusha tena.

"Ni jua, mheshimiwa," alisema Bwana Mfaume haraka. "Dirisha la mashariki."

"Saa kumi jioni? Na joto la jua huwa la juujuu. Hili linatoka ndani." Sauti yake ikatetemeka, maana katika kazi yake yote hakuwahi kugusa kitu cha moto. "Hii imetumika! Nani?"

Mwalimu Mkuu akageuka rangi. Mwalimu Nyamizi akafungua mdomo. Lakini sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Mimi," alisema Kidawa, akitazama chini.

Bwana Kisimbo alimtazama, akatazama mlangoni lilipoandikwa jina, akacheka kwa nafuu. "Haiwezekani. Wewe umesajiliwa kuwa huna uwezo."

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Binti, nisikilize. Kanuni ya saba inasema mtunza neno la siri hawezi. Kama umeweza, kanuni imekosea. Kanuni haijawahi kukosea. Kwa hiyo hukuweza. Nani amekufundisha?"

"Wizara."

Kidawa akainua macho kwa mara ya kwanza, akayapeleka dirishani, walipobanana watoto, Mwamvita mbele yao, pua imebonyea kwenye nondo.

"Kanuni ya arobaini na moja," alisema Kidawa taratibu.

Na watoto, kwa mazoea tu, wakaitikia kwa nguvu: "Ni marufuku kubonyeza kitufe chenye alama ya duara kilichopo pembeni kulia, na kukishikilia mpaka taa ya kijani iwake!"

"Nikabonyeza," alisema Kidawa. "Ya tisini na tatu."

Wakaitikia, kisanduku baada ya kisanduku, mpaka mwisho. Bwana Kisimbo alisikiliza huku mdomo umemwanguka. Mkono wa serikali ulimning'inia uchi, bila soksi.

"Wote arobaini na watatu," Kidawa akaongeza, kwa sauti ambayo nusu ya ofisi haikuisikia.

Nje, Mwamvita aliisikia.

*

Kombe lilichukuliwa. Bwana Mfaume alistaafu kwa tarehe yake, na shule haikupewa jina lake. Jioni ya mwisho alikuja ofisini kuchukua kitambaa cha mkewe, akaona uzi mmoja umechomolewa, akakipanga tena mahali pake.

"Arobaini na watatu, eti," alimwambia Kidawa. "Mimi nilikuwa na sufuri." Akaondoka, na haikujulikana kama alikuwa analalamika.

Shule nyingine ishirini na sita za wilaya hiyo zilikuwa na nidhamu kuliko Mwangaza. Hazikusajili hata mtoto mmoja. Watoto wao walihesabiwa kuwa hawakuwahi kusoma, na kwa kuwa hawakusoma, idadi ya wanaofeli wilayani ilishuka sana. Waziri alitangaza redioni kwamba usajili wa mtandao umefanikiwa, kwani asilimia mia moja ya waliosajiliwa walisajiliwa.

Kidawa alishitakiwa mbele ya Kamati ya Wizara. Kamati ilitafuta adhabu, ikaipata kwenye kanuni ya mia moja na kumi na mbili: mtumiaji mbaya atarudishwa darasani, katika darasa alilofikia, mpaka aelewe. Fagio akanyang'anywa. Jumatatu iliyofuata aliketi la tano, kwenye dawati lake la zamani, magoti yamegonga ubao wa chini, kati ya watoto wa miaka kumi na mmoja waliomwita shangazi. Alikuwa ameambiwa ni aibu kubwa. Alijaribu kuiona.

Mtihani ulifanyika, na Mwamvita akaufanya. Matokeo yametoka. Yako kwenye mtandao, na hayatatolewa kwa karatasi. Kompyuta ipo kule kule ofisini chini ya kitambaa, na mtunza neno la siri sasa ni Bi Chausiku, bibi wa miaka themanini asiyeona vizuri na asiyesikia kabisa, aliyeteuliwa kwa sifa hizo. Kila adhuhuri Bi Chausiku akienda kuswali humwambia Kidawa, "Mjukuu wangu, hebu nishikie ufunguo, usije ukanipotea."

Wizara nayo haikulala. Ilichunguza tukio la Mwangaza ikaona kosa lilikuwa nini: kanuni zilikuwa chache. Kikatoka kitabu kipya chenye kanuni mia mbili na sitini, kila moja imeelezwa kwa urefu zaidi, na neno jipya la siri likatajwa ndani yake kama mfano wa lisilofaa.

Mwalimu Nyamizi, aliyehamishiwa la tano kwa kusahau daftari, anakisoma kila asubuhi, na darasa linaandika. Leo amefika mbali. Sauti yake imechoka, chaki imebaki kipande.

"Kanuni ya mia mbili na nne," anasoma. "Ni marufuku kutazama matokeo ya mtihani wa la saba kwa kufungua ukurasa wa Wizara, kuandika namba ya shule kisanduku cha kwanza, kisha kwenye kisanduku cha pili..."

Mkono umenyooka nyuma ya darasa. Kidawa hatazami chini. Kalamu yake iko juu ya mstari, tayari.

"Mwalimu, samahani," anasema, "hapo umekwenda mbio. Kisanduku cha pili tunakatazwa kuandika nini?"

Mwalimu Nyamizi anamtazama. Anashusha kitabu, anapangusa chaki vidoleni, anarudia neno moja moja, taratibu sana, kama mtu anayemwelekeza mgeni nyumbani kwake.